Vicheko vya Upande wa Pili

Kama kuna kitu kilichonichoma roho muhula ule, ni vicheko. Chuo chetu kiko juu ya maduka, kando ya Barabara ya Jogoo, na madarasa yametengwa kwa mbao nyembamba. Mimi nafundisha historia. Upande wa pili mwenzangu, mama aliye mdogo kwangu kiumri, anafundisha uchumi. Wanafunzi ni wale wale, wakitoka kwake wanakuja kwangu. Kwake wanabishana na kupigiana makofi. Kwangu, nikiuliza swali, wanainamia simu. Nilimwonea wivu, sifichi, hata salamu zake nilikuwa nazijibu kwa mdomo nusu.

Siku moja nikamchungulia. Kumbe analiendesha darasa kama chama cha akina mama: viti duara, na kila wiki mwanafunzi mmoja ni mwenyeji. Mwenyeji huwajulia wenzake hali mmoja mmoja, kisha hufungua somo kwa swali lake mwenyewe. Ni hayo tu? Hata mimi naweza.

Wiki iliyofuata nikapanga viti duara, nikanyoosha kidole. "Wewe wa shati jeusi, leo ndiwe mwenyeji."

Kijana akazunguka. Huyu wa mtaa wa Baba Dogo, mamako amepata nafuu? Huyu wa Kariokor, vile viatu vya tairi vimeuzika? Wakacheka, wakataniana. Nami nikavimba kichwa, nikaomba yule mama awe anasikia kila kitu kupitia zile mbao.

Mwenyeji akanifikia. "Na wewe mwalimu, unakaa mtaa gani?"

"Buruburu."

"Tunajua," akasema msichana mmoja mpole, ambaye sikuwahi kusikia sauti yake. "Geti letu linatazamana na lako, mwalimu."

Nikamkodolea macho. Pale mtaani sikuwahi kuutambua uso wake.

"Madam wa uchumi alitoka kwake Kayole akaja matanga ya baba yangu," akaendelea, bila hasira yoyote. "Alikaa na mama mpaka jioni. Akauliza kama mwalimu wa historia amefika, kwa vile ni jirani."

Hakuna aliyecheka. Nilitamani kumchukia yule mama wa uchumi, nikashindwa hata pa kuanzia. Matanga yenyewe niliyakumbuka vizuri. Hema lilikuwa limeziba njia, na mimi ndani ya gari nilipiga honi mpaka waombolezaji wakainuka, wakabeba viti vyao, nikapita.