Gari la Mkunga wa Kasulo

Niliondoka Mbeya kwa sababu ya picha moja. Aliituma Kabwe, dereva wa lori wa Kolwezi, kule Kongo, ambaye aliwahi kuharibikiwa karibu na gereji yangu pale Uyole akakaa nasi mpaka lori lake likapona. Katika kuzunguka-zunguka uani alikuta mzoga wa gari dogo la michezo, la viti viwili, la Ulaya ya zamani. Lilikuwa la mkulima mmoja wa kahawa, aliyemwachia marehemu baba yangu. Bodi ilikuwa imeliwa na kutu, lakini baba alikwisha kuagiza vipuri vya mbele, springi, bushi na boljointi zinazoshika magurudumu, na sanduku lake lilikuwa bado halijafunguliwa. Kabwe alilitazama lile gari kama mtu anayemtambua jamaa yake mahali asipotarajia.

Sasa picha yake ilionyesha gari la namna ileile, jekundu, zima, isipokuwa magurudumu ya mbele yalikuwa yamelalia nje kama miguu ya ndama aliyezaliwa leo. Baadaye Kabwe akanipigia simu.

“Mama Tusa, umeona? Ni ya mama mumoja kwetu, mu Kasulo. Anasema bila ile gari hatatoka mu nyumba.”

“Kwani anatakiwa kutoka?”

“Nyumba inapasuka, mama. Batu banachimba cobalt chini ya manyumba. Batoto yake balimutafutia nyumba ingine mu Manika, anakatala. Anasema gari itatembea kwanza.”

Nilimwambia nitampa sanduku akipita. Akasema mafundi wa Kolwezi ni hodari, ila wamezoea mitambo ya migodi. Fundi wa huko aliyelijua gari lile amefariki. Mimi na baba tuliwahi kulifungua la kwetu lote, bolti kwa bolti. Nikafunga sanduku kwa kamba, nikachukua spana zangu na kibanio cha springi, nikamwachia mdogo wangu gereji.

Tunduma tulivuka asubuhi, nikiwa nimeketi juu kando ya Kabwe, na Zambia ikatupokea kwa misitu isiyokwisha. Sitasimulia sana njia ile, maana madereva wetu wanaijua kuliko mimi. Nitasema tu kwamba tangu Ndola mpaka mpakani Kasumbalesa nilianza kuuona utajiri ukipita njiani umevaa vumbi: malori mfululizo, kila moja limebeba mabamba ya shaba yaliyofungwa kwa minyororo, machache sana kwa macho, kwa kuwa uzito wake haukuruhusu kujaza.

Kuvuka mpaka, Kiswahili kilibadilika. Afisa mmoja aliniuliza, “Mama, ile kisanduku iko na bintu gani?” Nikajibu kuwa ni bushi na springi. Akanishangaa. Kabwe akamtafsiria: “Ni ma silentbloc na ma ressort.” Afisa akacheka, akatupungia tupite. Nikajiona mgeni ndani ya lugha yangu mwenyewe, na nikafurahi, kama mtu aliyegundua kwamba nyumba ya babu yake ina vyumba asivyowahi kuingia.

Baada ya Lubumbashi na Likasi, sikuondoa macho dirishani. Vichuguu vya mchwa vilisimama porini vikubwa kuliko nyumba, vimeotwa na miti juu yake. Udongo ulikuwa mwekundu, na mahali palipokatwa barabara ulitoa mishipa ya kijani kibichi, kama nyasi zilizozikwa zikiwa hai. Tulipofika daraja la mto Lualaba, Kabwe akapunguza mwendo.

“Tazama muzuri,” akasema. “Hii njo inakuya kuwa ule muto mukubwa wa inchi yetu. Inaenda mpaka ku bahari ingine.”

Niliyatazama yale maji yaliyotulia, nikayawaza yakizunguka nchi nzima kabla ya kuiona bahari ambayo sijawahi kuiona.

Kolwezi tuliingia mchana. Vilima vilivyouzunguka mji havikuwa vilima; vilikuwa mawe yaliyotolewa ardhini, yakarundikwa mpaka yakapata vilele. Tulipita sokoni Manika, pikipiki za abiria zikitupenya pande zote, kisha tukaacha lori na kuingia Kasulo kwa miguu, sanduku tumelishika huku na huku. Kati ya nyumba na nyumba, penye bustani na vyoo na jiko la nje, palikuwa na maturubai ya rangi ya chungwa yaliyotandwa juu ya mashimo. Wanaume waliovaa vumbi tupu walikuwa wakivuta kamba, na magunia yakipanda kutoka gizani. Mama mmoja alikuwa akianika nguo hatua chache kutoka kwenye shimo, akiimba.

Mwenye gari, Mama Verone, alitupokea mlangoni. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani minene na kitenge kilichopigwa pasi. Alifanya kazi ya ukunga maisha yake yote, na mtaa mzima ulimwita Mama Akusheze, yaani mkunga. Alilipata gari kwa familia ya Kizungu iliyokuwa ikihama, wakati hakuna mwingine aliyetaka gari lisilobeba mzigo.

“Mi nilikuwa na muzigo moya tu,” alisema huku akitumegea bukari na sombe, ule ugali na kisamvu chao. “Mukoba yangu. Na ile kiti ingine ni ya mama mwenye tumbo. Bitu bya nguvu zaidi, ya nini?”

Kwa miaka mingi alikwenda kuzalisha na gari lile, usiku na mchana, masika na kiangazi. Watu wakisikia mlio wake walijua mtoto anakuja. Hata baada ya kustaafu hakuacha kuliendesha mpaka boljointi ziliposalimu amri uani kwake.

Kesho yake asubuhi nilianza kazi kwenye banda la gari, lisilo na kuta. Ufa ulikuwa umepita katikati ya sakafu ya saruji, unaingia kidole. Niliweka jeki, nikapampu. Gari halikupanda. Nikapampu tena, na nikaona kwamba kinachosogea ni jeki: mguu wake ulikuwa unazama. Nikalala chini kutazama, sikio likagusa saruji.

Ko. Ko. Ko.

Nilidhani ni moyo wangu. Kisha chini yangu, chini kabisa, mtu akakohoa.

Siwezi kueleza sawasawa hali iliyonipata. Nilikuwa nimelala chini ya gari, na chini yangu mimi kulikuwa na mtu mwingine amelala, naye anafanya kazi, na kati yetu hatujui kuna unene gani. Nilifungua jeki taratibu kama mtu anayemlaza mtoto, nikajivuta nje, nikamwita Mama Verone.

Alisikiliza mwenyewe, amepiga magoti na mkono umeshika bampa. Akainuka. Alitoka, akavuka njia mpaka kwenye shimo lililokuwa upande wa pili, akainama ukingoni.

“Donat! Donat wa Mama Feli! Panda!”

Kamba ikatikisika. Akatokea mwanamume wa makamo, taa kichwani, kijivu kuanzia nywele hadi vidole. Alipomwona aliyemwita, alivua taa.

“Jambo, Mama Akusheze.”

“Jambo, mutoto. Mule mu shimo, munafika wapi sasa?”

“Tunafwata mushipa ya mawe, mama. Ilipinda. Inaenda kule…” Aliinua mkono kuonyesha, na mkono ukasimama hewani. Ulikuwa unaelekea bandani.

“Huyu mama mekanisye,” alisema akinionyesha mimi, fundi, “anasikia munakohoa chini ya gari yangu.”

Uso wa Donat ulibadilika chini ya lile vumbi. Akageuka, akalala kifudifudi ukingoni, akapiga kelele ndani ya shimo: “Bote mupande! Bote! Muache bitu, mupande!”

Walipanda mmoja baada ya mwingine, wakipepesa macho juani. Mmoja alinung’unika kwamba mawe mazuri ndiyo kwanza yameanza kuonekana. Donat alimwambia, “Mule tulikuwa tunajichimbia kaburi, na la mama juu yake.”

Kisha Donat akaja bandani, akasimama mbele ya gari.

“Mama yangu alinizala kwa shida,” aliniambia. “Mvua mingi sana, njia yote mayi. Balisema nitakufa, na yeye pia. Kisha balisikia ile gari.” Akaniuliza, “Inaweza kutembea?”

“Haiwezi. Na hapa siwezi kuitengeneza. Sakafu haitavumilia jeki.”

Alitazama wenzake. “Basi tutaibeba.”

Nilisema ni zito. Nilisema kwamba watu wote wakisimama bandani kwa pamoja sakafu inaweza kuporomoka. Aliafiki. Wakapitisha kamba zao za shimoni chini ya gari, mbele na nyuma, wakiingia wawili wawili na kutoka upesi, wakafunga kwenye magogo marefu wanayotumia kuegemeza kuta za mashimo. Ncha za magogo zikatokeza nje ya banda, na huko nje, palipo pagumu, ndiko walikobeba. Majirani waliacha kazi wakaja. Hata yule mama wa nguo alitia bega.

“Heee!” Donat akaita.

“Yoo!” wakaitikia wote, na gari likaondoka ardhini.

Nimeinua magari tangu nina akili zangu, kwa jeki, kwa mnyororo, kwa winchi. Sikuwahi kuona gari likiinuliwa kwa mabega. Lilitoka bandani likielea, magurudumu yake mabovu yakining’inia, jekundu juu ya vichwa vilivyojaa vumbi. Likapita njiani kati ya maturubai, na kila shimo lililopitwa lilitoa watu. Walipouliza ni nini, waliambiwa “Ni ya Mama Akusheze,” nao wakaingia chini ya gogo. Mama Verone alitembea mbele ameshika mkoba wake, akisema tu, “Pole pole, batoto. Pole pole,” kwa sauti ambayo bila shaka ndiyo aliyowatulizia mama zao wakati wa kujifungua.

Walilitua kiwanjani kando ya kanisa dogo, juu ya mwamba mtupu. Mwamba ule hauna madini yoyote, ndiyo maana hakuna aliyewahi kuuchimba.

Hapo nilifanya kazi, na watazamaji hawakupungua. Nilikaza springi ya kwanza kwa kibanio, nikiwaomba wote wasogee, kwa kuwa springi ikiponyoka huua. Ilikuwa imekatika mzunguko wa chini. Boljointi ilitoka kwa pigo la nyundo, ikacheza mkononi kama jino bovu. Bushi za zamani hazikutoka kama mpira; zilitoka kama unga mweusi. Bolti moja ya amu ya chini, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu, iligoma kabisa, imeshikana na kutu. Donat aliishughulikia kwa patasi na nyundo ndogo, akigonga kwa subira ya mtu aliyezoea kubembeleza mawe, mpaka ikakubali.

Vipuri vya baba viliingia vimekaa sawa, kama vilivyokuwa vikingoja. Bolti za bushi sikuzikaza mpaka gari liliposhushwa na kukaa kwa uzito wake lenyewe, maana ukizikaza magurudumu yakining’inia, bushi husokoteka na kuraruka mapema. Nikanyoosha magurudumu kwa kutumia uzi. Gari lilisimama wima, pua imeinuka. Mama Verone alilizunguka, akaligusa taa, akavua miwani na kuifuta kwa kitenge muda mrefu kuliko inavyohitaji kufutwa.

Alasiri aliniketisha kwenye kile kiti cha wenye tumbo, akaendesha mwenyewe. Gari halikugongagonga, wala halikuvuta upande. Kabla ya kwenda Manika kwenye nyumba mpya alinipeleka ukingoni mwa mgodi mmoja wa zamani. Nilitazama chini nikashika mlango. Ardhi ilikuwa imekatwa ngazi kwa ngazi, kijani, zambarau, kijivu, mpaka chini penye maji ya samawati, na upana wake ulimeza sauti.

Mama Verone aliinua kidole, akaonyesha hewani, katikati ya ule uwazi mtupu.

“Pale kulikuwa nyumba,” alisema. “Na pale, ingine. Batoto mapacha, nilibazalisha pale.”

Nilikitazama kidole chake. Kilionyesha mahali ambapo ndege alikuwa akipita.

Kurudi nilirudi na Kabwe, lori lake likiwa zito. Tulipofika Tunduma simu yake iliita, akasikiliza, kisha akanipa.

“Mama Tusa,” ilikuwa sauti ya Mama Verone, “banda imeanguka. Na nyumba nusu. Yote iliingia mu shimo.”

“Na watu?” nikauliza.

“Hakukuwa mutu,” akasema. “Nilienda na gari kule, nikaita kila mumoja jina yake, na kila mumoja akaitika. Batoto yangu bote beko.”

Nyumbani watu wananiuliza Kolwezi ikoje, nami huwasimulia shimo lile na mto ule, wakashangaa. Lakini wanafunzi wangu gerejini nawasimulia mengine. Zamani niliwafundisha kwamba uzito wa gari hushuka kwenye springi, ukapita amu, ukaingia gurudumuni, ukafika chini, na hapo somo likaisha. Ardhi nilikuwa naihesabu kuwa jambo lililokwisha. Sasa somo haliishii hapo. Nawaambia kwamba nimeona mahali ambapo ardhi ilishindwa kulibeba gari, na watu wakalibeba.