Nieleze Tena

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na saba alipoweka kompyuta yake kwenye meza ya jikoni, kando ya unga wangu wa chapati, akaniambia anataka kuomba chuo kikuu Marekani. Marekani! Sisi tunakaa Handsworth, huku kwa Waingereza, vyuo viko tele, vingine ni vya kwenda kwa basi tu, na mtoto anatafuta bahari ya kuvuka.

Akanieleza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba kuna njia mbili za kuomba mapema. Kwa njia ya kwanza jibu linakuja mapema, lakini bado uko huru kuangalia vyuo vingine. Ya pili inakufunga: unachagua chuo kimoja, na wakikuchukua lazima uende, kwingine kote unaondoa maombi yako. Yeye alitaka hiyo ya pili, na mzazi lazima aweke sahihi.

"Sijaelewa," nikasema. "Hebu nieleze tena."

Uongo mtupu. Mimi ni nesi. Kila siku nawaeleza wagonjwa karatasi ngumu kuliko hiyo kabla hawajaenda kupasuliwa. Nilielewa mara moja, nikaogopa. Nyumba yetu ina watu wawili tu, mimi na yeye.

Kesho yake akanieleza tena. Wapi! Sikuelewa. Basi akadhani Kiingereza ndicho kinanishinda, na huyu mtoto ambaye tangu chekechea hunijibu kwa Kiingereza, akaanza kuhangaika na Kiswahili.

"Mama, hii chuo inanifunga. Ni kama harusi, lakini hakuna keki."

Nilicheka mpaka nikamwaga unga.

"Na ile ingine ni kama kuposa tu. Unaweza badilisha akili."

"Unabadilisha nia," nikamwambia. "Akili ziache hapo hapo zilipo."

Nikawa mjinga wa makusudi wiki nzima. Nikitoka kazini, njia nzima kwenye basi nilikuwa natafuta swali la kumuuliza. Nilikuwa na raha ambayo sijui niielezeje, na aibu pia, kwa sababu siku za kutuma maombi zilikuwa zinakwisha na mtoto hanifokei hata kidogo.

Ilipobaki siku moja, alikuja akaketi karibu yangu bila kufungua kompyuta.

"Mama, wewe ni nesi," akasema. "Mimi nilijua unaelewa. Tangu ile siku ya kwanza."

Uso ulinichoma. "Sasa mbona umekuwa ukinieleza?"

Akaangalia mikono yake. "Nikienda huko, nani ataongea Kiswahili na mimi?"

Nililia, sitadanganya. Kisha nikavuta ile kompyuta, nikaandika jina langu pale pa mzazi, herufi moja moja, nikahakikisha limekaa sawa.

Halafu nikamwambia bado sijaelewa, anieleze tena.