Malengelenge Niliyomletea Naishiye

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ambayo kama ingewezekana ningekwisha kuisahau. Ilikuwa wakati wa Mjerumani, nami nilikuwa nimeoa karibuni. Mke wangu Naishiye, binti wa Moshono, alikuwa bado amewekwa ndani kwa desturi yetu Wameru. Bibi harusi hatoki, hashiki jembe, anaonana na mumewe na mama mkwe tu. Analishwa ndizi na maziwa mpaka anawiri, ndipo anapelekwa sokoni watu wamwone.

Mimi nilikuwa nakamua ng'ombe kwa mlowezi mmoja kule Momela. Huko ndiko nilikoona jambo ambalo kwetu halikuwapo: yule bwana akirudi safari, alimbusu mkewe mdomoni mbele ya watu. Sisi vijana tulicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini nikalibeba hadi nyumbani, nikijiona nimeerevuka. Naishiye naye alicheka, halafu akalizoea. Sitasema zaidi ya hapo, nina wajukuu.

Basi, safari moja nilirudi baridi ya Momela imenipiga, na pembeni mwa mdomo vimenitoka vilengelenge vinavyowasha. Naishiye aliuliza kama vinauma. Nikamwambia ni baridi tu. Sikujizuia, wala sikumwambia ajizuie.

Vyangu vilipoanza kukauka, mdomo wake ukavimba, malengelenge yakajaa, homa ikampanda, hata maziwa akashindwa kunywa. Siku ya kwenda sokoni ilikuwa imekaribia. Mama akakunja uso.

"Huyu ametoka nje nikiwa shambani," akaniambia. "Amekunywa kwenye kibuyu cha mwanamume mwingine. Chakula namletea mimi mwenyewe, sasa haya ameyatoa wapi? Atarudi kwao Moshono."

Nilikuwa nimesimama pale pale, mwanangu, nikatazama chini. Ningesema nini? Kwamba mtoto wake anambusu mkewe kama Wazungu? Niliona haya, nikakaa kimya. Naishiye naye alikaa kimya, nikadhani ni woga.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, akaitwa kumaliza shauri, maana mambo ya wake za ukoo neno la mwisho lilikuwa lake. Alimkagua Naishiye mdomo, kisha akaniita.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Sogea hapa kwenye mwanga." Akanishika kidevu, akaliona kovu jekundu lililobaki. "Hivi vilikutoka lini?"

"Kabla ya vyake."

"Na mama yako aliposema anamrudisha kwao, wewe ulikuwa wapi?"

Akamgeukia mke wangu. "Nawe mbona hukujitetea?"

"Ningeanzaje, shangazi?" Naishiye akasema taratibu. "Ningemwaibisha mume wangu mbele ya mama yake."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mimi nilinyamaza ili nijifiche, yeye alinyamaza ili anifiche mimi. Mama, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, akaelewa ugonjwa umetoka kwangu, akamwomba radhi pale pale, na hata hapo nilikuwa wa mwisho kufungua mdomo.

Naishiye alikwenda sokoni amepona. Lakini ugonjwa ule haukumwacha, ulimrudia kila baridi ikizidi au homa ikimshika, mpaka uzeeni. Shangazi alikuwa ametuonya kwamba mtoto mchanga akiupata anaweza kufa. Kwa hiyo mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, Naishiye alimnyonyesha huku amejifunga kitambaa mdomoni, na mtoto akimchekea, hakuthubutu kumbusu. Nilikuwa nikitoka nje nisiwaone.

Kwa hiyo, mwanangu, ukisikia mdomo unawasha na kuchonyota, hata kabla lengelenge halijatokeza, mwambie mwenzako, muache kubusiana mpaka pakauke na kupona kabisa. Kikombe chako usimpe. Wala usidhani hatari ni mdomo kwa mdomo tu. Popote utakapoupeleka mdomo huo mwilini mwake unaweza kumwachia maradhi, hata pa siri, nawe si mtoto, umenielewa. Mara nyingine huambukiza bila kidonda kuonekana, basi mweleze mapema aamue mwenyewe. Zahanati ipo, nenda uulize. Na mkeo akitukanwa kuwa ni malaya kwa sababu ya mdomo wake, usitazame chini.

Mungu akupe mwenza mwenye moyo kama wa Naishiye, na akujalie usimfanye alipe kwa ajili ya aibu yako.