Posa Kutoka Meknes

Kaka yangu Muhiddin alikuwa karani wa ofisi ya makazi hapa Barking, London, mpaka alipostaafu, na hajapata kumjibu mtu papo kwa papo. Hata ukimuuliza kama anataka chai, kwanza afikiri. Mimi Time, dada yake, nimemvumilia tangu tuko wadogo Wete.

Mwaka juzi Suhaib, kijana wa Kimoroko, alileta posa kwa Afra, binti wa kaka yangu. Walipendana chuoni. Alikuja na baba yake, Mzee Asad, mwenye duka la viungo Thornton Heath. Mzee akataja kwao, Meknes, kwa sauti ya mtu anayemtaja mama yake.

"Huko ni jirani na Cairo?" Muhiddin akauliza.

Mzee akatabasamu tu. Kaka yangu alitahayari, masikini.

Hatukuwajibu siku ile. Kwetu Pemba posa haijibiwi hapo hapo, binti ataonekana kama kwao wamemchoka. Wageni husubiri, ukoo ushauriane, kisha jibu lipelekwe. Muhiddin akamkataza Afra kuzungumza na Suhaib mpaka hapo, na mtoto huyu wa London akatii kuliko sisi tuliozaliwa kule. Suhaib akipiga, Afra anaitazama tu simu yake ikilia.

Baada ya wiki wajomba wote walikuwa wamekubali.

"Wapigie simu," nikamwambia.

"N'takwenda mwenyewe, Time. Lakini siendi mjinga tena. Nataka nikae na mkwe mwenzangu nimzungumzie mji wao."

Akahamia maktaba. Kila nikija, chakula kinapoa huku akinisimulia habari za Sultani Ismail, aliyeufanya Meknes makao ya dola yake: kuta zisizokwisha, maghala ya nafaka, watumwa na mateka waliobebeshwa mawe. Hata magofu ya Warumi ya Volubilis aliyang'oa marumaru. Alijenga zaidi ya miaka hamsini, na lango kuu akaja kulimaliza mwanawe, yeye yumo kaburini. Kisha wana wakagombania kiti, tetemeko likapiga, na utawala ukahamia kwingine. Alisimulia vizuri, nisimdhulumu. Lakini nilikuwa nachemka.

"Baba, have you called them?" Afra akiuliza.

"Karibuni, mwanangu. Wale watu wa heshima, wanaelewa."

Hawakuelewa. Kwao kimya kile kilikuwa ndiyo hapana yenyewe, imesemwa kwa adabu.

Miezi ikapita. Hatimaye tukaenda Thornton Heath, mimi na yeye, na halua mkononi. Mzee Asad akatutilia chai ya nanaa. Muhiddin akaanza na kuta, akaja kwenye lango, na mzee akawa anafuta macho.

"Tangu nifike nchi hii," akasema, "hakuna aliyewahi kunizungumzia mji wangu." Kisha akaweka gilasi chini. "Ungekuja mapema, ndugu yangu. Suhaib tumemwoza mwezi uliopita. Tulidhani mmetukataa."

"Lakini jibu lilikuwa ndiyo," Muhiddin akasema.

"Mngenipa neno hilo moja tu, ningewasubiri hata mwaka."

Tukapanda treni kurudi. Nilikuwa na hasira naye, na nilimwonea huruma vilevile.

Afra alifungua mlango kabla hatujabisha.

"Baba, what did he say?"

"Alifurahi sana kusikia habari za mji wao," akasema kaka yangu.

Afra akasimama pale pale, akingoja aendelee. Ikabidi nimwambie mimi.