Nilivyomhesabia leso mpwa wangu aliyetoka jela ya watoto

Wakuu, salamu kutoka Malindi. Nayaleta haya kama yalivyotokea, hata pale yanaponiaibisha. Majina tu ndiyo nimegeuza, maanake mji wetu ni mdogo na mimi bado nina wateja.

Nauza leso, yaani kanga, na madera sokoni. Ni mtu wa kuvutana bei, na kila kitu nahesabu mara mbili. Mke wangu husema hata rakaa nazihesabu mara mbili, akidhani ananisema vibaya.

Dada yangu anaishi Kilifi. Mwanawe wa kwanza, tumwite Faraji, alishikwa pamoja na wenzake wakivunja duka la simu. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Akapelekwa shule ya kurekebisha tabia, ile ambayo mtaani huitwa jela ya watoto. Alikaa mwaka na zaidi.

Alipokaribia kutoka, mwenye nyumba wa dada akasema wazi: huyo hapa harudi.

Afisa wa probesheni akanipigia mimi. Nikajaribu bahati yangu. Nikasema nitakaa naye mwezi mmoja. Akasema sita. Nikasema miwili.

Akaniambia, "Mzee, huyu si leso."

Ikawa sita. Kila mwezi tutaripoti ofisini, na mambo yakiharibika kwangu, kijana atatafutiwa makao mengine, mbali na sisi sote.

Siku za kwanza zilinishangaza. Alikuwa akisimama mlangoni mpaka aambiwe aingie. Chakula alikimaliza mimi bado napuliza changu. Hata kwenda chooni aliomba ruhusa.

Mke wangu akamwambia, "Mwanangu, choo cha humu hakina askari. Enda tu."

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza.

(Pembeni kidogo: kwa haki uzi huu ni wa mke wangu. Kila asubuhi alimwekea mahamri na mbaazi, na hakumuuliza swali hata moja kuhusu kule. Mimi nilikuwa nayo kumi na saba.)

Wiki ya tatu nikaanza kwenda naye dukani. Ana mkono mzuri. Leso akiikunja, pembe zakutana zenyewe.

Sasa hapa ndipo nilipoharibu.

Jioni moja kabla ya kufunga nikahesabu mzigo. Leso nyekundu za sare ya harusi zilikuwa pea arobaini na nne asubuhi, na hatukuuza hata moja. Sasa zi arobaini na tatu. Nikarudia. Arobaini na tatu. Faraji ananitazama.

Nikamuuliza, mbele ya jirani yangu muuza viatu, "Faraji, kuna pea imekwenda wapi hapa?"

Sikusema ameiba, wakuu. Lakini sauti ilisema.

Faraji alivua viatu, akavipanga. Akageuza mifuko ya suruali nje. Akainua mikono, akaelekea ukutani. Yote hayo bila kuambiwa. Muuza viatu akainama kutafuta kitu ambacho hakikuwako.

"Shusha mikono," nikamwambia.

Akashusha. Kisha akasema polepole, "Mjomba, kule tulikuwa tukihesabiwa asubuhi na jioni. Sikujua kama na hapa."

Nyumbani hakula. Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: "Bi Rukia amerudisha ile ya kuonyesha?"

Kwa msiojua, kwetu sare ya harusi hainunuliwi na mtu mmoja. Mwenye harusi huchukua pea moja bila kulipa, akaizungushe kwa mashangazi na mawifi, wabishane, wakikubaliana ndipo aagize. Bi Rukia aliichukua asubuhi ile ile, nimeshamaliza kuhesabu na Faraji nimemtuma chai. Tulivutana bei nusu saa. Mkono wangu huu ndio ulioifunga kwenye gazeti. Tena nilimpigia mke wangu kujisifu nilivyomshinda mama wa watu!

Nikamfuata Faraji uani. Mkoba wake alikuwa amekwisha kuupanga.

"Mpigie afisa anihamishe, Mjomba. Sina ubaya nawe. Lakini kesho ikipungua nyingine je?"

Nikamwambia leso ilitoka kwa mkono wangu, nimemkosea, anisamehe. Akasema "haya", ile ya kumalizana na mtu.

Asubuhi nikamuomba twende sokoni mara moja tu, kisha aamue. Nikamwita muuza viatu na majirani wote, nikasema kwa sauti: leso haikupotea, niliitoa mimi nikasahau, na mpwa wangu nimemvunjia heshima bure.

Muuza viatu akasema, "Afadhali umesema, yakhe. Jana nimetafuta gundi chini ya meza mpaka goti likauma, na gundi i mfukoni."

Faraji akacheka kwa puani.

Mara Bi Rukia akapiga simu. Nyekundu mawifi wameikataa. Wako Watamu, wanataka kuona rangi nyingine, na yeye mguu wamsumbua. Nikachota leso kwenye rafu, nikazitia kwenye mfuko, nikampa Faraji.

"Ni ngapi?" akauliza.

"Sijahesabu."

Wallahi vidole vilikuwa vyaniwasha. Faraji akautwaa mfuko, akaenda.

Alirudi alasiri na oda ya pea sitini za kijani, kwa bei ya kuliza. "Umewapunguzia sana hawa!" nikasema.

"Walinipa biriani, Mjomba."

Wiki iliyofuata tukaenda kuripoti. Afisa akasema amesikia palikuwa na tatizo, na nafasi ya kumhamisha ipo. Akamuuliza mwenyewe, anataka?

Faraji akasema haiwezekani. Ijumaa ana watu wa sare Watamu wanamngoja.

Nilitazama dirishani kwa muda. Palikuwa na ukuta tu.

Namshukuru Mungu, namshukuru mke wangu, na yule afisa aliyekataa kupunguza hata mwezi mmoja. Nilichojifunza ni hiki: mtoto akirudi, tusimgeuzie nyumba kuwa lindo la pili. Na ukimkosea mbele ya watu, msamaha nao uombe mbele ya watu hao hao. Wa chumbani hautoshi.

Mliowahi kumpokea kijana kutoka huko, andikeni hapa kilichowasaidia, bado tuna miezi mitatu. Mwenye hamu ya kutukana, anitukane mimi. Faraji ameusoma uzi huu kabla sijauweka, asema niko sawa ila ile biriani ilikuwa pilau. Yuko hapa kando yangu anasubiri majibu yenu, kwa hivyo anzeni kwa salamu.