Kizibo cha Ekzosi

Nikisikia mtu anasukutua, namkumbuka bibi yangu wa Ukonga. Kila alfajiri alisimama mlangoni na kikombe cha maji ya chumvi, anainua kichwa, anaguruguza mpaka kuku wa jirani wanatawanyika. Mie nikiogopa yatamshuka. Akanambia koo lina mlango wake, ndiyo maana watu hawafi kwa kunywa maji. Shule niliiacha darasa la nne, lakini hilo sijalisahau. Ila si bibi niliyekaa kumwandika, ni injini.

Injini nayo ina koo. Tulikuwa tunakaa Tegeta, baba akapata injini ya dizeli ya kufunga ndani ya boti yake. Akamwita mjomba, kaka yake mama, mchomeleaji wa Chang'ombe, aje afunge ekzosi, lile bomba la kutolea moshi. Mjomba nilikuwa nampenda jamani. Naye aliniita mjomba vilevile, kama tunavyoitanaga.

Alisema mwenyewe: bomba sharti lipande juu, lipinde kama shingo ya bata, ndipo lishuke litokee nyuma ya boti. Hapo wimbi likisukuma maji, yanashindwa kukwea. Lakini bomba alilokuja nalo lilikuwa limenyooka. Kipande cha kupinda hakijachomelewa, na baba anataka kuingia baharini kesho yake. Wakalilaza hivyo hivyo, chini chini. Mjomba akachonga kizibo cha mti, akakiviringishia mpira wa baiskeli, kizuie maji usiku boti ikiwa inaelea. Kazi ya kuziba nikapewa mie, na nikiifanya vizuri, kesho napanda na baba, mara yangu ya kwanza.

Nilikigonga kwa nyundo. Mjomba akakivuta, hakikutoka, akanisifu. Jioni wenzake wakaja kuiona injini. Akachomoa kizibo, akaiwasha, ikanguruma, wakafurahi, akaizima. Walipoanza kuondoka kwenda kula pweza nikamkumbusha.

"Nitaziba, mjomba. We nenda kaoge."

Asubuhi injini ikagoma kuzunguka. Baba akafungua nati ya chini. Badala ya oili yakachuruzika maji ya bahari. Mjomba akajishika kiuno.

"Shemeji, nilimwambia huyu azibe. Si unawajua watoto."

Nikamtazama, nikingoja acheke, maana utani wetu ulikuwa mwingi. Hakucheka. Nikaapa, nikalia. Baba hakunipiga, akanambia tu ninyamaze niende nyumbani. Safari ikafa, na pale ufukweni nikaitwa Kizibo mpaka naota ndevu. Lakini kule kutopigwa nilikuhifadhi moyoni. Nilijiambia, angalau baba ana huruma na mie.

Nyie mnaonisoma, ngojeni. Mjomba alipofariki, mie tayari nina watoto, nilikaa na baba barazani baada ya hitma, chai mkononi. Akasema polepole, kama mtu anayezungumzia mvua, kwamba asubuhi ile kizibo alikiona mfukoni mwa mjomba.

Nikamuuliza mbona basi hakusema.

"Kaka wa mama yako yule. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Wewe ulikuwa mtoto, nilijua utasahau."

Kumbe hakunipiga kwa sababu alijua sina kosa. Huruma niliyoitunza miaka yote haikuwa huruma. Nilimchukia mtu mmoja, kumbe walikuwa wawili.

Nikaweka kikombe chini, nikavaa ndala, nikatoka. Akaniita, akauliza chai hiyo namwachia nani. Sikugeuka. Tegeta sijakanyaga tena.