Kambale Wangu Kaondoka na Bibi wa Watu

Leo nimenyang'anywa samaki mchana kweupe, na bibi niliyetoka kumwamkia shikamoo.

Niko Usinge, kwa ukoo wa baba. Mimi wa mjini, Kanyenye, huku sijawahi kufika. Tangu jana wananiita mgeni. Nakalishwa kwenye kiti kizuri, sigusi hata sufuria. Imeniuma kidogo, sifichi.

Baada ya misa, baba mdogo akanipeleka ziwani kuvua kwa ndoano. Nikapata kambale mnene kama mkono wangu. (Mkono wangu mnaujua.)

Wakati wa kurudi, bibi mmoja jirani akatusimamisha. Akaniuliza mimi mtoto wa nani. Nikamtajia baba.

Akamtoa kambale mkononi mwangu, akaenda zake.

Baba mdogo anacheka mpaka kashikilia mti.

"Huyo mtani wetu. Ukoo wao na wetu wanataniana tangu mababu walipobeba mizigo pamoja kwenda pwani. Ukikasirika, kosa lako."

"Na samaki wangu?"

"Samaki wa mgeni haguswi. Kakuchukulia kwa sababu wewe ni wetu."

Jamani, njaa yote iliisha.

Nikauliza kama na mimi naruhusiwa kuchukua chake. Naruhusiwa.

Basi jogoo wake ninaye hapa, nimemfunga miguu. Mwenyewe kamfuata, yuko uani ananitukana kwa Kinyamwezi huku anacheka. Nyie watani wenu wamewahi kuwachukulia nini?

Kile kiti kizuri kapewa yeye. Mimi nimetumwa kuni.